Antena Isiyo na Mkia

Redio yangu ya kwanza ya mkononi ilikuja na antena fupi, nene, iliyovikwa mpira mweusi. Mume wangu alipoiona akasema inafanana na ndizi iliyosahaulika kwenye moto. Sikucheka. Nilikuwa nimesoma miezi mitatu, nikafanya mtihani katika chumba cha maktaba pamoja na wazee wanane waliovaa mashati ya miraba, nikapita, nikapewa herufi zangu za kujitambulisha hewani. Sasa nilikuwa mtu wa redio ya ridhaa, yaani mtu anayeruhusiwa kuongea hewani kwa kupenda tu, bila kulipwa wala kuuza kitu. Mtu kama huyo hatajiwi ndizi nyumbani kwake.

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi watu wa redio wa Minneapolis na Saint Paul hukutana hewani. Kuna mtambo umefungwa juu ya jengo refu katikati ya mji. Wenyewe huuita ripita. Kazi yake ni kuzipokea sauti hafifu za redio zetu ndogo na kuzirusha upya kwa nguvu, mji wote usikie. Mwenyekiti wa mkutano ni mzee mmoja wa kitongoji cha Crystal ambaye hukohoa kabla ya kila sentensi. Anawakaribisha watu, mmoja mmoja anajitaja, anasema yuko wapi, anapokelewa, anampisha mwenzake. Mambo ya amani kabisa.

Jumamosi yangu ya kwanza nilikaa kwenye meza ya jikoni, kitongoji cha Brooklyn Park, katika fleti yetu ya chini ambayo nusu yake imezama ardhini, ukitazama dirishani unaona nyasi na viatu vya majirani. Nikabonyeza kitufe, nikajitaja kwa heshima zote. Kisha mwenyekiti akakohoa.

"Kuna kituo kinajaribu kuingia," akasema. "Hatukuelewi. Rudia tafadhali."

Nikarudia.

"Bado hatukuelewi. Jaribu tena wiki ijayo."

Mtu mwingine angeitazama betri. Mwingine angefikiria ukuta, au ule udongo uliotufunika nusu. Mimi sikufikiria hata kimoja. Nilijua papo hapo kwamba ni mdomo wangu, nikaizima redio.

Niseme ukweli wangu. Nimekaa nchi hii miaka kumi na minne, na kama kuna neno nimeitwa nalo kuliko jina langu, ni hilo la rudia. Naagiza kuku dirishani nikiwa kwenye gari, naambiwa rudia. Napiga simu kuuliza habari za umeme, rudia. Nikipiga chafya nadhani wataniambia rudia. Nami nilikulia Voi, shule ya msingi nilikuwa ndiye ninayesimamishwa kusomea wageni Kiingereza, na wageni walipiga makofi. Sijui makofi yale yalipotelea wapi njiani.

Kazi yangu ni uuguzi, katika nyumba ya kutunzia wazee. Kule simu ni nusu ya kazi: mgonjwa akibadilika unampigia daktari, unamweleza, anakupa maagizo. Mwaka juzi msimamizi wetu, mama mpole asiye na neno baya na mtu, alinivuta kando akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo mwenzangu ndiye atakayekuwa akiwapigia madaktari. Ili kukurahisishia, akasema. Nami nikasema asante. Nilifika kwenye gari nikakaa bila kuwasha injini mpaka vioo vikafunga ukungu. Hata leo si yeye anayeniuma, ni ile asante yangu.

Kisha nafasi ya kusimamia zamu ikatangazwa. Miaka ninayo, vyeti ninavyo, wagonjwa wananipenda hata wale wanaonirushia uji. Lakini msimamizi wa zamu anashinda kwenye simu. Nilichukua fomu, nikaileta nyumbani, nikaiweka kwenye droo ya vijiko. Kila nikitaka kijiko naiona. Nikajiwekea sharti, peke yangu, sikumwambia mtu: siku nitakayosikika kwenye redio, mbele ya watu wasioiona sura yangu wala kitambulisho changu cha kazi, ndiyo siku nitakayoijaza. Nisiposikika, basi nitajua, na fomu nitafungia vitumbua.

Redio yenyewe wala sikuitafuta. Majira fulani ya joto dhoruba iliangusha miti, umeme ukakatika, simu zikawa mapambo, na kanisani kwetu tukaunda kamati ya dharura. Kamati ikaamua tuwe na mtu wa redio. Sasa, kwa desturi yetu, kwenye kikao chochote asiyekuwepo ndiye anayechaguliwa, na mimi siku hiyo nilikuwa kazini nikimbembeleza bibi mmoja ale viazi. Jumapili nikakuta ninapigiwa makofi. Naitwa mama wa mawasiliano, na sijui redio inashikwa wapi.

Basi nikawa mama wa mawasiliano asiyewasiliana. Wiki nzima kazini, Jumamosi saa tatu niko mezani, najitaja, naambiwa hatukuelewi, nazima kipaza, nabaki kusikiliza. Maana kusikia nilikuwa nasikia vizuri sana, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi: wao kwangu wanafika kama wako sebuleni, mimi kwao sifiki. Nikawajua wote. Nilijua goti la mwenyekiti, la kushoto, lililopasuliwa. Nilijua bwana mmoja wa Coon Rapids paa lake linavuja juu ya kitanda chake na mtoto wa dada yake ameahidi kuja kulitengeneza tangu theluji haijayeyuka. Nilijua mwalimu mmoja mstaafu ambaye mbwa wake anang'olewa meno. Nilijua mama wa Saint Paul na nyanya zake, jinsi sungura wanavyompangia njama. Nilifika mahali nikawa nawaombea, na hakuna hata mmoja aliyejua nipo.

"Wewe unasikiliza mambo ya watu," mume wangu akasema. "Huko kwetu hiyo inaitwa umbeya."

"Umbeya ni kusikia na kusambaza," nikamjibu. "Mimi nasikia tu. Kusambaza siwezi, sina antena."

Ndipo yeye mwenyewe akaninunulia antena. Ndefu, nyembamba, ya kunesa, ilipotoka kwenye bahasha ikampiga puani. Tukafungua ile ya mpira, tukaileta mpya, ikagoma. Kwenye redio yangu kuna pini iliyochomoza katikati, na kwenye antena aliyoagiza kuna pini vile vile. Pini na pini zikabaki zinatazamana. Nikamuuliza alisoma maelezo ya muuzaji? Akasema alisoma nyota, zilikuwa nne na nusu. Tukairudisha, tukaagiza yenye tundu, tukangoja tena siku sita.

Hii ya pili ikaingia, ikakaza, ikasimama kwa madaha. Jumamosi nikavaa hata hereni. Sijui kwa nini, redio haioni hereni. Nikabonyeza, nikajitaja pole pole, kila herufi peke yake.

Mwenyekiti akakohoa. "Sasa tunasikia ni mwanamke," akasema. "Kuna maendeleo. Lakini maneno hayashikiki, samahani. Rudia?"

Mnaona. Sauti inafika, maneno hayashikiki. Kwangu hiyo ilikuwa hukumu. Antena imefanya kazi yake, imenibeba mpaka juu ya jengo refu, na nilipofika pale kilichobaki ni mdomo wangu na wao. Nikaitupa redio kwenye kochi, ikadunda, ile antena ndefu ikachapa kikombe cha mume wangu kikamwaga chai. Akatazama chai, akanitazama mimi, akaenda kuleta kitambaa. Anajua siku za kutania na siku za kitambaa.

Wiki ile niliaibika na nafsi yangu, na nitawaambia nilivyofanya. Nilianza kujifundisha kusema kama wao. Nilikuwa nasimama mbele ya friji nasema kupitia puani, naviringisha ulimi, namwambia friji hali ya hewa ya leo ni nzuri. Mume wangu akanikuta. Akasema kama ni mafua kuna tangawizi. Nikamwambia atoke jikoni. Lakini usiku ule nikiwaza sauti ile ya puani nikajionea huruma, mtu mzima, mama wa watoto watatu, anaigiza mbele ya friji ili aruhusiwe kusema hajambo.

Aliyenitoa huko ni mzee wa ghorofa ya tatu. Ni Mkongo, alikuja na familia yake kupitia kambi ya wakimbizi, na Wakongo humwita mzee wao Papa, kwa hiyo na mimi humwita hivyo. Wanawe wako kazini kutwa, wajukuu wakimjibu wanamjibu Kiingereza, naye Kiingereza ameamua hakihitaji. Hushinda kwenye chumba cha kufulia nguo kule chini kwa sababu hapo watu hawakosekani. Siku hiyo niliingia na kapu la nguo, na redio nimeichomeka juu ya taulo, maana nilikuwa nimekusudia kumpelekea mtu wa kamati nimwambie nimejiuzulu. Papa akaitazama ile antena inavyonesa. Akanyoosha mkono kama mtu anayeomba kumshika mtoto mchanga.

"Mama, iyi ni yako?"

Nikamwambia ni yangu, na leo siitaki.

Akaigeuza. Akaupitisha ukucha shingoni pa antena, pale inapokutana na redio. Kisha akanieleza, bila haraka, huku mashine zinazunguka: kwao, kwenye hospitali ya misheni milimani, alikuwa mtu wa foni. Foni ndiyo redio waliyokuwa wakipelekea ujumbe toka hospitali hadi hospitali, simu hazijafika. "Nilifanyaka foni myaka makumi mbili," akasema. Dawa zikiisha ni yeye, mgonjwa akihamishwa ni yeye, mtu akifiwa ni yeye anayeambiwa kwanza. Nimeishi jengo moja na mtu huyu miaka minne nikimjua kwa salamu tu.

Nikamweleza yangu. Nikamwambia antena nimeshabadilisha, tatizo ni mdomo.

Papa akacheka mpaka akashika mashine. "Mdomo haina neno," akasema. "Antene njo iko na kichwa, haina mukia. Kitu haina mukia inasimama namna gani?"

Alivyonieleza ni hivi, nami nilikuwa nimeisoma kwenye kitabu nikaikariri kwa ajili ya mtihani bila kuielewa. Ile fimbo ya juu ni nusu tu ya antena. Ili isukume sauti hewani inahitaji kitu chini yake cha kusukumia. Kwenye gari ni bati la gari. Kwenye redio ya mkononi ni kidogo tu, ni kile kiwiliwili cha redio na kiganja cha anayeishika. Kwa hiyo unaipa mkia: waya mmoja, unaufunga pale shingoni kwenye chuma cha nje, unauacha uning'inie. Basi.

Tukaenda kwetu. Mume wangu akatoa pasi iliyokufa ambayo nimemwambia aitupe tangu mwaka jana, na furaha aliyokuwa nayo kwa kuwa hakuitupa sitaisahau. Tukakata waya. Papa akasema mkia unapimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole kirefu. Nikapima wangu, nikakata. Papa akauchukua, akauweka kwenye mkono wake, ukaishia kwenye kiungo cha kidole. Akanitazama kwa huruma. Sisi wa Taita tumeumbwa kwa kubana. Akakata mwingine kwa mkono wake yeye, mume wangu akaleta futi ya fundi, akasoma sentimita arobaini na tisa. Nikafungua kitabu changu cha mtihani. Kitabu nacho kilisema arobaini na tisa, ikizidi ni nywele tu.

Akaumenya waya ncha moja, akauzungusha shingoni pa antena, akaubana, akahakikisha haugusi pini ya katikati. Redio ikabaki inaning'iniza mkia mweupe wenye maua ya rangi ya waridi, maana waya wa pasi ile ulivikwa kitambaa. Mume wangu akasema sasa ni panya aliyeolewa.

Papa alitaka Jumamosi twende kwake, ghorofa ya tatu, barazani, sauti iruke vizuri. Nikakataa. Kazini kwetu ukibadilisha dawa mbili kwa siku moja na mgonjwa akapona, hujui ni ipi iliyomponya. Nilitaka kujua. Iwe meza ile ile, shimo lile lile, redio ile ile, mdomo ule ule, Kiingereza changu cha Voi bila pua. Kilichobadilika kiwe waya wa pasi peke yake.

"Uko mukaidi," Papa akasema, akionekana kupendezwa.

Jumamosi alishuka saa tatu kasorobo, amevaa koti. Koti la suti, jikoni kwangu, na kalamu mfukoni. Nadhani hivyo ndivyo alivyokuwa akienda kwenye foni. Mume wangu alisimama karibu na jiko na birika mkononi, mbali na ile antena. Mimi mikono ilikuwa inatoka jasho, nikawa naifuta kwenye leso kila dakika. Droo ya vijiko ilikuwa mkono wangu wa kuume, nami sikuitazama.

Mwenyekiti akakohoa, akafungua mkutano, akakaribisha. Nikabonyeza, nikajitaja.

Kikohozi.

"Huyo nimempata," mwenyekiti akasema, na akazitaja herufi zangu, zote, kwa mpangilio wake. "Brooklyn Park. Unasikika safi. Karibu sana. Una lolote?"

Sasa hapo ndipo nilipofanya kosa, na nawaambia hata leo sioni ningefanyaje tofauti. Nilikuwa nimeulizwa kama nina lolote, na watu wale nimekaa nao wiki kumi na moja. Huwezi kuingia kwa watu ukasema jina lako ukanyamaza kama umekuja kusoma mita. Unasalimia. Unauliza. Kwa hiyo nikashusha pumzi nikaanza. Nikawaamkia wote, nikawauliza wameamkaje, na nyumbani je, wote wazima? Nikamshukuru mwenyekiti kwa subira yake, nikamuuliza lile goti la kushoto, uvimbe umepungua, na mazoezi anafanya au anadanganya? Nikamwambia, mimi nikiwa muuguzi, alale ameliinua. Nikamgeukia bwana wa Coon Rapids, nikampa pole ya paa, nikamuuliza yule mpwa amefika au bado anaahidi, na kama bado, amesogeza kitanda? Nikaenda kwa mwalimu, nikauliza mbwa anakulaje sasa, maana wagonjwa wangu wasio na meno wanapenda uji wa wimbi, mbwa sijui. Nikahamia Saint Paul. Nikamwambia mama wa nyanya kwamba marehemu mama yangu alikuwa na shida ile ile, si ya sungura lakini ya tumbili, na alichofanya ni

Redio ikalia kitu kama mguno, ikanyamaza. Kimya kabisa. Hata ile sauti ya hewa haikuwepo.

Nikaachia kitufe. Nikabonyeza tena, nikaachia. Hakuna kitu.

"Wamekukatia," mume wangu akasema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Nilimwona yule msimamizi wetu mpole akinivuta kando. Nikajiambia, si ndiyo hayo, wamekusikia safi, na walipokusikia safi wakakufungia mlango. Afadhali ningebaki bila mkia. Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi ya kuzimia. Papa akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Ngoja," akasema. "Foni haina haraka."

Redio ikarudi kwa mlio mfupi, na ndani yake kulikuwa na mtu anayekohoa na kucheka kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa umri wake nisingelishauri.

"Brooklyn Park," mwenyekiti akasema. "Samahani. Ripita yetu ina tabia mbaya. Mtu akipitisha dakika tatu inamkata, haiangalii anasema nini. Nimeiendesha miaka mingi, na haijawahi kumkata mtu aliyekuwa bado anasalimia." Akakohoa. "Goti linaendelea. Mazoezi nadanganya."

Nikabonyeza. Sikujua nitasema nini mpaka niliposikia nimeshasema. Nikamwambia, wiki zote zile mlizokuwa mkiniambia nirudie, niambieni ukweli, ilikuwa mdomo wangu au antena yangu?

"Mdomo gani?" akauliza. "Kilichokuwa kinatufikia ni kama mtu anakaanga kitu. Angekuwa msoma habari wa televisheni tungemwambia hayo hayo. Leo nimeshika kila neno hadi kwenye tumbili. Na hapa kuna foleni ya watu wanataka kujua mama yako aliwafanyaje."

Ilikuwa kweli. Wakaingia mmoja mmoja. Bwana wa Coon Rapids akasema mpwa hajafika ila kitanda atakisogeza leo. Mwalimu akasema mbwa anakula mayai. Mama wa Saint Paul akasema kwamba katika mkutano ule watu hujuliana hali ya hewa na aina za betri, na hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa kitu kingine, na tumbili walifanywaje? Nikawaeleza, kwa vipande vya dakika mbili mbili, mume wangu akinihesabia kwa saa ya ukutani. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikujisumbua kuficha, si redio haioni? Fomu niliijaza mchana ule ule, kwa kalamu ya Papa. Lakini asubuhi ilikuwa haijaisha.

Papa alikuwa amekaa wima muda wote, haelewi Kiingereza, anafuatilia sauti tu kama mtu anayesikiliza mpira wa timu zisizo zake. Macho yake hayakuondoka kwenye kitufe. Nikakumbuka kwamba sheria inamruhusu mgeni asiye na leseni kusema hewani, mradi mwenye leseni awe amekaa naye. Nikamwomba mwenyekiti ruhusa, nikamwambia nina mzee hapa, ndiye fundi wa antena yangu, anataka kuwasalimia, ila atasema Kiswahili. Mwenyekiti akasema karibu.

Nikampa redio. Hakuishika kama mimi. Aliiinua mpaka karibu na shavu, akausogeza mkia kwa kidole ukaning'inia wima, akafunga kifungo cha koti. Akabonyeza, akangoja kidogo, kama mtu anayewapa walio mbali nafasi ya kuacha wanachofanya.

"Alo, alo, alo," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, pana, ya mtu mwenye ofisi. "Hapa ni Brooklyn Park. Jambo kwa bote. Hapa bote tuko bazima. Na kule kwenu?" Akamalizia kwa neno la Kifaransa walilokuwa wakimpa nalo zamu mwenzao wa upande wa pili, akaachia kitufe, akaiweka redio mezani mbele yangu.

Tukangoja. Mume wangu akaweka birika chini polepole lisigonge.

Mwenyekiti alipokuja hakukohoa.

"Mwambie mzee wako," akasema, "sikuelewa hata neno moja. Hilo ni tatizo langu, si lake. Yeye amefika safi kabisa."

"Anasema nini?" Papa akauliza.

"Ngoja kidogo, Papa," nikamwambia.

Nikauchukua ule mkia nikaunyoosha, nikabonyeza kitufe, nikasema samahani, rudia tafadhali. Nilikuwa nimemsikia vizuri sana.